Mgeni wa Sijaona

Swali lilikuwa la maneno mawili tu: una mimba? Kila kungwi wa Jando, kliniki ya Chihanga, alitakiwa amuulize kila mwanamke kabla hajamtoa damu, awe msichana wa shule au bibi mwenye mvi kichwa kizima. Mabibi ndio waliocheka zaidi. Mmoja aliwahi kujibu kwamba kama anayo, basi wakamfukue mume wake makaburini aje aeleze amewezaje.

Siku Sijaona alipokuja, kungwi Somoe hakumuuliza.

Alikuwa dada yake. Mama yao alipofariki, Sijaona ndiye aliyembeba Somoe mgongoni, akamwogesha, akamfundisha kufunga kanga, akajitahidi kumtoa haya. Haya hazikutoka zote. Mpaka leo Somoe, mtu mzima na koti lake la kazi, akisemeshwa mbele za watu huangalia vidole vya miguu yake. Sijaona aliolewa na Chitanda, dereva wa malori ya korosho, na tangu aolewe mimba zilikuwa zinaingia na kutoka, zinaingia na kutoka, mpaka watu wa mtaani wakaacha kuuliza. Kwa kumhurumia wakaanza kumwita Mama Somoe. Jina likamganda. Sasa mtu kama huyo utamuulizaje, tena mbele ya wenzako wa kazini, kama ana mimba? Ni kumtonesha kidonda. Somoe akaliruka swali, akageukia kioo cha mashine.

Na kwenye kioo kulikuwa na jambo lingine la kutazama.

Kila mtu Chihanga alivaa kikuku. Askari wa damu, zile chembe nyeupe zinazozunguka mwilini usiku na mchana, wakipita chini ya ngozi ya mkono, kikuku kinawasikiliza, kama mtu wa barazani anavyosikiliza wapita njia wanaongea nini. Kila asubuhi kinasema kwa sauti ya upole ya mwanamke: "Hakuna mgeni." Waliotengeneza vikuku walilichagua neno hilo makusudi, maana hakuna mtu anayetaka kuamshwa na neno saratani. Mgeni akiwepo, kikuku hakisemi kitu. Kinanyamaza, na habari inakwenda yenyewe mpaka Jando. Makungwi nao wakazoea. Ndani ya jengo lile mgeni aliingia, mgeni alihama, mgeni alitolewa, na saratani haikutajwa mwaka mzima.

Asubuhi hiyo kikuku cha Sijaona kilikuwa kimenyamaza. Mgeni alikuwa amekaa kwenye kongosho, mahali pabaya kuliko pote.

Somoe alikuwa bado anatafuta pa kuanzia, Sijaona akavuta kiti karibu, akainama kama anayetaka kumwambia siri ya harusi.

"Nina mgeni, mdogo wangu."

Somoe akashukuru moyoni kwamba dada amemrahisishia kazi. "Najua, dada. Nimemwona."

"Umemwona?" Sijaona akajiziba mdomo na upindo wa kanga. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mabega yalikuwa yanacheka. "Yukoje?"

"Mdogo bado. Kama punje ya choroko."

"Choroko," alirudia Sijaona, taratibu, kama anaonja. "Asubuhi kikuku kilinyamaza. Nikasema haya, na chenyewe kimemwona."

Somoe alidhani ni ujasiri. Alishaona wagonjwa wengi wakicheka pale kitini; hofu ina mambo yake. Sijaona akamsihi asimwambie mtu, hata Chitanda asimwambie kwa sasa, maana macho ya watu hayana simile. Kisha akauliza kama ni kweli Jando linaweza kuwafundisha askari wake, kwa sababu askari wake, alisema, tangu zamani hawana adabu. Somoe akamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Watafundishwa.

"Basi wafundishe wewe," alisema Sijaona. "Wewe nakuamini."

Akatoa mkono, damu ikatolewa.

*

Watu walipaita pale Jando kwa sababu kazi ilikuwa ileile. Unawachukua vijana, unawafungia mahali, unawafundisha wanachotakiwa kujua, unawatoa wakiwa watu wengine. Askari waliotolewa kwenye damu waliitwa wari, na chupa pana ya kioo waliyofungiwa iliitwa kibanda.

Jengo lilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha kushoto kilichukua askari wapole kikawafundisha ukali. Chumba cha kulia kilichukua askari wakali kikawafundisha upole, wale wanaotafuna maungio ya mwenye mwili wao, au wanaofukuza mimba. Mgonjwa haoni tofauti. Mlango wa kuingilia ni mmoja, kiti ni kilekile, sindano ni ileile.

Somoe alifanya kazi kushoto.

Wagonjwa wakimuuliza askari wanamjuaje adui, alikuwa na maelezo yake, na hapo tu ndipo haya zilipomwachia kidogo. Kila chembe ya mwili, alisema, ni kama nyumba yenye kamba ya nguo nje. Kinachotumika ndani huanikwa nje, kipande kidogo kidogo. Askari akipita anaangalia kamba. Akiona nguo anazozijua anaendelea na safari. Akiona nguo asiyoijua anajua ndani kuna jambo, na anaibomoa nyumba. Kuzijua nguo za nyumbani hufundishwa utotoni, kwenye tezi ndogo nyuma ya mfupa wa kifua. Ndilo jando la kwanza, na ni kali. Askari anayeonyesha dalili ya kumpiga mwenyeji hauoni mlango wa kutokea, anafia humohumo.

Tatizo la mgeni huyu ni kwamba hakutoka popote. Ni mwenyeji aliyeharibika. Nguo zake karibu zote ni zilezile, labda moja ina ua lililokosewa. Na askari akilishtukia lile ua, mgeni ananyoosha mkono, anamgusa begani. Askari wote wana mahali hapo begani pa kuguswa. Akiguswa hasira zinamwisha, anakaa chini, anasinzia, na nyumba inaongezwa vyumba mbele yake.

Kwa hiyo Somoe alifanya mambo mawili. Kwanza aliwaonyesha wari wa Sijaona lile ua, akawaonyesha tena, akawachuja, akabaki na wale waliolikasirikia. Halafu akawavisha bega, dawa inayofunika mahali pa kugusiwa ili wasihisi mkono wa mtu yeyote tena. Daktari Nampoto, mkuu wa Jando, mzee mrefu aliyependa kula karanga juu ya vitabu, alichungulia kwenye darubini akasema hawa kweli ni watoto wa Mama Somoe, wana midomo mirefu kama ya mama yao mdogo. Wote wakacheka. Somoe aliangalia vidole vya miguu yake, lakini alifurahi.

Wari wakatoka wiki iliyofuata. Wakarudishwa kwenye mshipa wa Sijaona tone kwa tone, na kama ilivyo desturi kibanda kikatupwa motoni. Hakuna kinachobaki. Jando haliweki askari wa mtu akiba, wasije wakaingia mwili usio wao. Makungwi walipiga vigelegele, Sijaona akapiga na yeye, akamwambia Somoe siku yake ya kuchezwa unyago alijificha nyuma ya pipa la maji mpaka wakamtafuta kwa tochi, leo eti ndiye kungwi.

*

Homa ilianza siku ya pili, na Somoe hakuogopa. Homa ni habari njema. Ni askari wanafanya kazi, wanapiga kelele wakiitana, na mwili unachemka kwa zile kelele. Akaomba ruhusa kazini, akaenda kumuuguza dada yake mwenyewe.

Chitanda alikuwa safarini na lori. Jirani, Bi Ajaba, alikuwa ameshaleta uji, akapita nao mpaka chumbani akiita tangu uani, "Mama Somoe, hodi, Mama Somoe, usilale na njaa." Aliuweka, akatingisha kichwa kwa lile joto, akaondoka akisema atarudi.

Sijaona hakuugusa uji. Alikuwa amegeukia ukutani, anatafuna kitu. Somoe alisikia kile kimlio, kama mchanga kwenye meno. Akadhani homa imemfanya dada asage meno. Akamshika kidevu amgeuze, na pembeni mwa mto akaona mfuko wa nailoni wenye vipande vya udongo, ule wa sokoni, wa kijivu, wanaonunua wanawake.

"Dada. Unakula udongo?"

"Nimeshindwa kujizuia." Sijaona alicheka kwa midomo iliyokauka. "Huyu mgeni wako anaupenda huu. Wale wengine hata hawakuutaka. Huyu atakaa, Somoe. Namjua kwa udongo."

Somoe alibaki na kidevu cha dada yake mkononi. Lile joto lilikuwa linampanda kwenye vidole.

Yale maneno yote ya siku ile yalirudi moja moja yakakaa mahali pake. Nina mgeni. Nimemwona. Yukoje. Choroko. Askari wangu hawana adabu. Dada yake alikuja Jando kwa ajili ya chumba cha kulia. Na alikuwa na wageni wawili, na kikuku kilimwona mmoja, na Somoe alimwona huyohuyo.

Maana mtoto naye ana mkono. Hilo kila kungwi analijua. Nusu ya nguo za mtoto ni za baba yake, askari wa mama hawazijui, na kwa haki wangembomoa. Lakini kondo la nyuma linanyoosha mkono, linawagusa begani, palepale saratani inapogusa. Wanasinzia, mtoto anakua. Na kwa kuwa kondo linawagusa kabla hawajashtuka, kikuku hakisikii kitu. Mlango ni mmoja kwa wote wawili.

Na Somoe alikuwa ameuziba.

*

Daktari Nampoto alimsikiliza mpaka mwisho bila kutafuna karanga. Hakumfokea, na Somoe alitamani amfokee. Alieleza polepole mambo ambayo Somoe aliyajua yote. Askari wale hawatahisi mkono wowote, wa kansa wala wa kondo. Wameanza na kongosho kwa sababu ndilo walilofundishwa, lakini wakishachangamka watapita kila kamba, na kwa mwanamke ambaye askari wake wamefukuza mimba zote hizo, hawatahitaji kufundishwa.

Kulikuwa na mluzi. Ndani ya kila kikuku kuna tone la dawa ambalo kungwi peke yake anaweza kulifungulia, kwa kidole gumba chake. Likiingia mwilini askari wote waliovishwa bega wanasikia mluzi, wanalala, na hawaamki tena. Ukipigwa kabla homa haijashuka, mtoto huenda akapona. Sijaona angefika kujifungua. Kumwona mtoto akitembea, hapana. Mgeni wa kongosho hana subira, na wari wengine hakuna, kibanda kimeshakuwa majivu, na damu ile haikubali kufundishwa mara mbili.

Usipopigwa, dada anapona.

Somoe akamuuliza yeye, daktari, angefanya nini. Ilimchukua muda kulisema, na alilisema akiangalia chini.

"Mimi siyo mwenye mwili," alijibu Nampoto. "Wala wewe siye. Mara ya kwanza hukumuuliza. Nenda kamuulize."

Njia nzima ya kurudi alikuwa anayapanga maneno. Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye mikorosho na watu walikuwa wanapita wakiwa vivuli tu, wanamsalimia, anaitikia. Alijua dada atajibu nini. Hilo ndilo lililokuwa linamchelewesha njiani. Kama angekuwa na shaka hata kidogo, angeuliza kwa amani. Lakini Sijaona asingefikiri hata kwa muda wa kumeza mate. Angenyoosha mkono wenye kikuku, angesema piga, mdogo wangu, piga upesi. Kisha Somoe angemwona anakonda na tumbo linakua. Mwisho wa yote angebaki amembeba mtoto mgongoni, kama yeye alivyobebwa, na mtoto angekuwa anamwita mama.

*

Sijaona alikuwa macho. Homa ilikuwa juu zaidi, macho yanang'aa, kanga imelowa. Chumba kilinuka jasho na udongo.

Somoe akakaa kitandani, akaushika mkono wa dada. Kidole gumba kikatua chenyewe juu ya kikuku. Akafungua mdomo.

"Nilikuwa nakungoja," alisema Sijaona. "Tumbo linaniuma. Linauma kama zile nyakati." Akatulia, akavuta pumzi. "Niambie kitu kimoja. Askari wangu wanamjua mgeni?"

Uani kuku alikuwa anaparua sufuria.

"Wanamjua, dada."

"Uliwaambia vizuri?"

"Niliwaambia vizuri."

"Uliwaonyesha yukoje?"

"Niliwaonyesha mpaka wakamjua."

Sijaona akafumba macho. Uso wote ukalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akasema basi anaweza kulala, akalala, na mkono wake ukabaki kwenye mkono wa Somoe, na kidole gumba cha Somoe kikabaki juu ya kikuku. Ngozi ilikuwa inapiga pale chini, tu, tu, tu. Angeweza kubonyeza bila kumwamsha. Angeweza pia kumwamsha. Alikaa hivyo huku mwanga wa dirishani unapungua, anajiambia atakibonyeza sasa hivi, akishahesabu pumzi chache tu, akishamfuta jasho, akishamfunika vizuri. Hakuna neno hata moja alilokuwa amedanganya. Alilirudia hilo, akalirudia tena, halikumsaidia kitu.

Ndipo akahisi mkono wa dada unapoa. Jasho jingi lilitoka kwa mpigo mmoja, na lile joto likashuka kama maji yanavyoshuka kwenye karai lililotoboka. Somoe akaondoa kidole.

Damu ilianza baadaye. Alimhudumia kimya kimya, kwa kanga za zamani na maji ya vuguvugu, kama wanawake wa nyumba ile walivyomhudumia nyakati zile nyingine. Sijaona hakulia. Alikuwa ameshazoea kutolia. Alimwacha Somoe amgeuze na amfute, akiwa ameukazia macho uso wake.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado haujainuka. Kikuku kilichokuwa kimya siku zote hizo kikafanya mlio mdogo, na ile sauti ya upole ikasema:

"Hakuna mgeni."

Sijaona aliutazama mkono wake kwa muda mrefu.

"Zile mimba za nyuma," alisema, "hiki kitu hakikuwahi kunyamaza. Nilikuwa nawaza tangu jana homa iliposhuka. Kila asubuhi kilikuwa kinasema hakuna mgeni, hakuna mgeni, na mtoto yumo tumboni. Hakikuwa kinawaona." Akakigusa kikuku. "Kwa hiyo safari hii kilimnyamazia nani?"

Somoe aliangalia vidole vya miguu yake.

"Niangalie mimi. Wageni walikuwa wangapi?"

"Wawili, dada."

"Na jana jioni, umekaa hapo, umenishika mkono. Ulikuwa unajua?"

Somoe akaeleza. Alieleza yote, la kongosho, la bega, la mkono wa kondo, la mluzi ulio ndani ya kikuku, na alipofika kwenye kidole gumba akaishia hapo. Akasema tu kwamba angekufa. Ungekufa, dada. Ningebaki na nani.

Sijaona alikivuta kikuku taratibu, kikakwama kwenye mifupa ya kiganja, akakivuta mpaka kikatoka, akakiweka juu ya ule mfuko wa udongo. Mkono ulibaki na alama nyeupe ya duara. Rangi ilikuwa imeshaanza kumrudia usoni. Alionekana mzima kabisa. Alionekana mtu atakayeishi miaka mingi.

Nje mlango wa uani uligonga, nyayo zikasikika, na harufu ya uji wa moto ikatangulia.

"Hodi," aliita Bi Ajaba. "Mama Somoe, hodi."

Somoe akainuka nusu, akangoja dada aitikie kama siku zote.

Sijaona alikuwa amegeukia ukutani.

"Mwambie," alisema, "Mama Somoe hayupo."